Picha za bubu hazikuwa bubu, ni sisi tumeletewa kopi mbovu

Mwaka juzi nilimuekea bibi yangu Charlie Chaplin kwenye laptop. Tumekaa uani baada ya Isha, joto la kaskazi lile lenyewe, feni ya ndani inazungusha joto tu, nikajisemea leo namuonesha picha iliyotengenezwa kabla yeye hajazaliwa, atafurahi. Akaangalia kama dakika tatu hivi kisha akaniuliza, "Mbona wanakwenda kama wamekanyaga siafu?" Sikuwa na jibu, nikabuni, nikamwambia bibi zamani ndo walivyokuwa wanaigiza. Akanitazama kwa pembe ya jicho. Huyu bibi kaenda sana sinema, Majestic ile ya Vuga hapa Unguja anaijua tangu enzi zake, zile siku za zanana wanawake wanaingia peke yao na watoto wao na vikapu vyao, humdanganyi kirahisi kwenye habari za picha. "Hakuna mtu aliyewahi kutembea hivyo," akasema, "hata hiyo zamani yenyewe."

Ikanikaa kichwani. Nikaanza kusoma kidogo kidogo usiku, bando linaisha naongeza, na kumbe bibi alikuwa sahihi, mjinga ni mie. Hizi picha za bubu, yaani sinema za zamani kabla sauti haijaja, tunazokutana nazo kwenye simu, watu wanakurupuka kurupuka, kinanda kile kile kinagongwa mwanzo mpaka mwisho, rangi kama majivu, tunacheka dakika moja tunapita, nyingi tunaziona zikiwa zimeshaharibiwa njiani. Mtu aliyekata tiketi mwaka 1920 hakuona hicho unachokiona wewe. Ni kama mtu aonje biriani iliyolala siku tatu nje ya friji halafu atangaze kwamba biriani si chakula.

Tuanze na siafu.

Kamera za mwanzo hazikuwa na mota. Mpiga picha alikuwa anazungusha mpini kwa mkono, kama yule jamaa wa juisi ya miwa pale Forodhani anavyozungusha gurudumu lake, na kila mzunguko ulipitisha fremu 8 za mkanda, yaani picha moja moja 8, kwa hiyo ukizungusha mara 2 kwa sekunde unapata fremu 16. Hiyo ndo spidi iliyozoeleka mwanzoni lakini haikuwa sheria, ulikuwa mkono wa mtu, na mkono unachoka, na mkono unapata pupa. Miaka ilivyokwenda watu wakawa wanazungusha haraka zaidi, 18, 20, 22. Na kule kwenye jumba la sinema anayeendesha projekta naye ana mkono wake, na ana bosi wake pia ambaye anataka picha iishe mapema auze tiketi za shoo inayofuata.

Sauti ilipokuja mwishoni mwa miaka ya 1920 mchezo huo ukaisha. Sauti ikaja kuchapwa pembeni ya mkanda wenyewe, na jicho linavumilia spidi kupanda na kushuka lakini sikio halivumilii, muimbaji akipungua spidi kidogo tu anageuka jini. Ikabidi watengenezaji wakubaliane namba moja, fremu 24 kwa sekunde, na mashine zikawa za 24. Sasa chukua mkanda uliopigwa kwa fremu 16 uupitishe kwenye mashine ya 24, dakika nzima ya maisha ya watu inakwisha kwa sekunde 40. Hapo ndo wanapoingia siafu. Televisheni zikazionesha hivyo hivyo, kanda za video zikakopi, watu wa intaneti wakakopi kwenye kanda, mpaka zikafika uani kwetu Miembeni.

Dawa yake ni rahisi mpaka aibu. Ingia seting'i za YouTube, pale kwenye spidi, weka 0.75. Hesabu ni kwamba 24 mara 0.75 ni 18, na hiyo iko karibu kabisa na spidi ya picha nyingi za wakati ule. Ila usifanye kwa kila picha. Kopi zilizokarabatiwa na watu wanaoijua kazi zimeshawekwa spidi yake, ukipunguza tena wanatembea kama wana usingizi. Na wachekeshaji wenyewe walikuwa wajanja, sehemu za kufukuzana walizungusha kamera polepole makusudi ili ikioneshwa ziwe mbio, kwa hiyo mbio nyengine ni halali yake. Mie nna kipimo changu, simuangalii stelingi, naangalia watu wa nyuma, wapita njia, mtu anayekunywa chai, kitambaa kinachopeperuka kwenye kamba. Hao wakiwa kawaida basi spidi imekaa.

Nikamrudishia bibi Chaplin yule yule kwa 0.75. "Haya, sasa anakwenda kibinaadamu." Na hapo ndo akaanza kumuona uso, maana ukiondoa zile mbio unagundua haigizi kwa miguu tu, kuna kitu kidogo anafanya kwenye nyusi na mabega, kabla hajaanguka anajua ataanguka na anaona haya mapema. Kwenye spidi ya siafu hicho chote kinapotea, unabaki na mtu anaanguka tu.

Habari ya kimya sasa. Hili neno "bubu" linatupoteza, maana jumba la sinema la wakati ule lilikuwa na kelele kuliko la leo. Jumba dogo lina mpiga kinanda anayetazama picha huku anapiga, jumba kubwa lina okestra nzima, na picha nyengine kubwa zilitungiwa muziki wake maalumu. Japani wao walikwenda mbali zaidi, walikuwa na mtu anaitwa benshi, anasimama pembeni ya kitambaa anasimulia picha yote, anatoa sauti ya mwanamume, ya mwanamke, ya mtoto, anaongeza na ya kwake. Benshi walikuwa mastaa hasa, watu wanachagua jumba kwa sababu ya benshi si kwa sababu ya picha, na hiyo ni sababu mojawapo Japani waliendelea kutengeneza picha bubu mpaka katikati ya miaka ya 1930, wenzao wa Marekani wameshaziacha zamani.

Sasa wewe uliyekulia vibanda vya video unashangaa nini hapo? Lufufu, yule mtafsiri wa picha, ni nani kama si benshi? Tumebanana kwenye mabenchi tunaangalia picha ya Kichina ambayo hakuna hata mmoja wetu anayejua neno lake, na mtafsiri anatupeleka, anagombana na jambazi kwa niaba yetu, anatutonya kwamba huyu anayecheka hivi atamgeuka mwenzake. Mwengine akisoma habari za benshi anaona maajabu ya Tokyo. Sisi tunasema aa, kumbe na wao.

Na wala si kwamba hizi picha zilikuwa za huko kwao tu. Pale Vuga kabla ya Majestic palikuwa na jumba la Royal, lilifunguliwa 1921, miaka ya 1950 likaungua, na Majestic ikajengwa 1955. Piga hesabu mwenyewe, 1921 dunia nzima bado ina picha bubu, kwa hiyo watu waliojaza vile viti, wenye kanzu zao na kofia zao, walikuwa wanaziona zikiwa mpya kabisa. Mie nikiangalia picha ya 1923 leo huwa najiambia siangalii kitu cha kigeni, naangalia kitu ambacho babu wa babu yangu angeweza kukikuta akitoka sokoni.

India nayo mambo ni hayo hayo. Sisi tunaosema tunaipenda sinema ya Kihindi tunaanzia kwenye nyimbo, lakini Dadasaheb Phalke alitoa Raja Harishchandra Bombay mwaka 1913, picha ndefu ya kwanza ya India, bubu, na malkia alichezwa na mwanamume kwa sababu wanawake waliona aibu kwenda mbele ya kamera. Ya kwanza yenye sauti, Alam Ara, ilitoka Machi 1931, na moja kwa moja ikaja na nyimbo 7, yaani hawakungoja hata dakika. Lakini angalia kitu kimoja kinachonifurahisha mie. Siti binti Saad alikwenda Bombay hiyo hiyo kurekodi santuri mwaka 1928. Miaka 3 kabla. Sauti ya mwanamke wa Fumba ilishafungwa kwenye sahani kabla sinema ya Kihindi haijafumbua mdomo. Na Alam Ara leo haipo, hakuna kopi hata moja inayojulikana, zimebaki picha za mnato na matangazo, wakati Siti unaweza kumsikiliza sasa hivi ukitaka.

Tukirudi kwenye sauti, kopi nyingi za mtandaoni zimebandikwa muziki wowote uliokuwa karibu, mtu anafiwa na mtoto na kinanda kinacheza kama sarakasi. Mie nazima sauti yote naweka bashraf, ule muziki wa ala wa taarabu. Si utani, jaribu. Bashraf haina maneno kwa hiyo haigombani na picha, inaanza taratibu, fidla zinaingia pamoja, ganuni inajibu, halafu inapanda yenyewe. Na ni rika moja kabisa na hizi picha, kikundi chetu cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa 1905, na mwaka huo huo kule Pittsburgh, Marekani, ndo lilifunguliwa lile jumba la nikelodiani la senti 5 lililofanya sinema iwe starehe ya kila mtu.

Kuna picha moja ya ndugu Lumière ya 1895 naipenda kuiangalia hivi. Ni mashua ndogo inatoka bandarini, Ufaransa kusini. Wanaume wachache wanapiga makasia, pembeni juu ya gati wamesimama wanawake na watoto wanawatazama. Hakuna chengine. Mashua inasogea, bahari inaonekana shwari ukiwa ndani ya bandari, wakifika mdomoni tu wimbi linawakamata ubavuni linaigeuza mashua, wanahangaika na makasia, na mkanda unaisha. Sekunde kama 50, ndo urefu wa mkanda uliokuwa unaingia kwenye kamera yao. Hujui walirudi au waliendelea. Mtu yeyote aliyewahi kuvuka Nungwi na kusi limekaza anajua tumbo linavyofanya pale, na fidla zikiwa zinapanda wakati huo huo, we acha tu.

Hao Lumière ndo wale wa usiku wa tarehe 28 Disemba 1895, Paris, ukumbi wa chini ya mkahawa, watu 33 walilipa faranga 1 kila mtu kuangalia picha 10 fupi fupi. Ile hadithi kwamba treni ilipotokea kwenye kitambaa watu walikimbia, hiyo treni usiku ule haikuwemo hata kwenye orodha. Na ili uone ni zamani kiasi gani, manowari za Kiingereza zilipoipiga mabomu kasri ya Sultani hapa tarehe 27 Agosti 1896, ilikuwa imepita miezi 8 tu tangu usiku huo wa Paris.

Rangi. Hapa ndo pana uongo mkubwa kuliko wote, "nyeusi na nyeupe".

Kwanza mkanda wenyewe wa wakati ule, othokromatiki wanauita, ulikuwa hauioni rangi nyekundu. Nyekundu inatoka nyeusi, buluu inatoka nyeupe. Fikiria mwanamke amejifunga kanga nyekundu yenye maua meupe amesimama ufukweni Paje saa sita mchana, kwenye mkanda ule kanga inakuwa nyeusi tii, midomo myeusi, na mbingu nyuma yake inakuwa nyeupe kama shuka, hakuna wingu. Ndo maana mbingu za picha za zamani ni tupu, na waigizaji wenye macho ya buluu wanaonekana kama vipofu, na wakawa wanapakwa poda na wanja kupita kiasi ili uso uonekane. Sie tunasema walikuwa wanajiremba ovyo, kumbe walikuwa wanahangaika na mkanda. Miaka ya 1920 ikaja pankromatiki inayoona rangi zote na nyuso zikatulia.

Pili, kopi zilizokwenda kwenye majumba zilikuwa zinatiwa rangi. Mkanda unachovywa kwenye rangi kama kitambaa, usiku unakuwa buluu, ndani ya nyumba yenye taa unakuwa kama asali, moto unakuwa mwekundu. Lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Baadaye watu walipokopi kwenye mikanda ya kawaida ile rangi ikapotea, na matatizo yakaanza. Chukua Nosferatu, ya Mjerumani Murnau, 1922, ile ya jini mnyonya damu. Kuna kopi unaiangalia unamuona huyo jini ambaye jua linamuua kabisa, anatembea mjini mchana kweupe kabeba jeneza lake kwapani, kivuli kinaonekana, mie nilicheka nikasema hawa walisahau hadithi yao. Hawakusahau. Usiku wa kweli mikanda ile haikuweza kupiga, walipiga mchana na kuichovya buluu. Nikatafuta kopi yenye rangi yake nikaiangalia peke yangu saa nne usiku, sikurudia tena kuiangalia peke yangu.

(Hiyo Nosferatu nusura isiwepo. Waliitengeneza kutokana na kitabu cha Dracula bila ruhusa, mjane wa mwandishi akashitaki, na mahakama ikaamuru kopi zote ziharibiwe. Zikabaki chache zilizokwishasambaa.)

Na kupotea ndo habari nzito ya hizi picha. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 mikanda mingi ya sinema ilikuwa ya naitreti, kitu ambacho ni ndugu wa baruti. Ikiwaka inajitengenezea oksijeni yake, huizimi hata ukiitumbukiza kwenye maji. Isipowaka inaoza, inanata, mwisho inakuwa unga wa rangi ya kahawia. Mwaka 1937 ghala la kampuni ya Fox liliwaka New Jersey na likaondoka na sehemu kubwa ya picha zao za bubu kwa siku moja. Nyengine hazikuhitaji moto, zilitupwa, kwa sababu sauti imekuja nani anataka za bubu, mkanda una fedha ndani yake, fedha halisi ile ya madini, watu waliyeyusha wakauza. Yule Georges Méliès, mfanya mazingaombwe wa Paris aliyepeleka watu mwezini mwaka 1902, alitengeneza picha zaidi ya 500, na wakati wa vita vya kwanza jeshi la Ufaransa lilichukua mikanda yake mingi ikaenda kutengenezewa visigino vya viatu. Nyengine alizichoma mwenyewe kwa hasira 1923. Mzee wa watu akaishia kuuza vitu vya kuchezea watoto kwenye kibanda ndani ya stesheni ya treni.

Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti 2013, katika picha ndefu za bubu za Marekani, karibu 11,000, zilizobaki kamili katika umbo lake la asili ni asilimia 14. Asilimia 70 zimepotea moja kwa moja. Na zilizobaki nyengine zimebaki kwa bahati za ajabu. Mji wa Dawson kule Kanada, baridi kali, walifukia mikanda kwenye bwawa la kuogelea la zamani mwaka 1929 kwa sababu hawakuwa na pa kuiweka, 1978 katapila linachimba linakutana na mikanda 533, imehifadhiwa na barafu ya ardhini. Kwetu huku ingekuwa tope baada ya masika mawili. Sisi nyumbani kanda za VHS za harusi ya mama, kabati lile lile, ndani ya nyumba, tulizifungua tukakuta ukungu mweupe umetanda kama pamba, hata duka tulilozipeleka kusafishiwa lilizirudisha zimekatika na pesa likachukua. Ndo chumvi ya bahari na unyevu ulivyo, watu wa mji ulioona tarehe 25 Disemba 2020 upande wa jengo la Beit al Ajaib ukilala chini hatuhitaji kuelezwa.

Kwa hiyo utaanzia wapi. Usianze na ndefu. Kuna watu wanashauri uanze na zile kubwa za masaa matatu kwa sababu vitabu vimezisifu, huo ni ushauri wa kumkimbiza mtu, na nyengine katika hizo zilizosifiwa, kama The Birth of a Nation ya 1915, ni uchafu wa kibaguzi unaowasifia Ku Klux Klan, isome habari zake tu inatosha. Anza na za Lumière, sekunde 50, 50, unaangalia kumi kama unavyopitisha stetasi. Halafu Méliès na mwezi wake, kama robo saa tu. Halafu Buster Keaton, Sherlock Jr. ya 1924, dakika 45 tu, kijana anaendesha projekta, analala, anaota anaingia ndani ya kitambaa cha sinema, na kila picha ikibadilika yeye anaachwa solemba, anakaa kwenye benchi benchi linageuka barabara, anajirusha baharini anaangukia theluji. Hakuna kompyuta, 1924. Walikuwa wanapima kwa vifaa vya wapima ardhi ili Keaton asimame palepale kila wakibadilisha mahali.

Ukitafuta, angalia urefu wa video kabla hujabonyeza. Jina moja linaweza kuwa na picha tofauti kabisa. Metropolis ya 1927 ilikatwakatwa mara tu baada ya kutoka, kuna kopi ya kama dakika 80 ina muziki wa roki wa miaka ya 1980, na kuna ya masaa mawili na nusu iliyotoka 2010 baada ya mkanda karibu kamili kugunduliwa Buenos Aires 2008. Ukiangalia ile fupi utasema haieleweki, na kweli haieleweki, imekatwa stori.

Gharama hamna, bando lako tu. Sheria ya Marekani kwa kazi za enzi ile ni miaka 95, ikipita ni ya watu wote, na kila tarehe 1 Januari mwaka mmoja unafunguka, 2025 zilifunguka za 1929. Ndo maana zimejaa Internet Archive na YouTube bila wizi wowote, na Maktaba ya Bunge la Marekani wanaziweka bure unashusha kabisa. Kitu kimoja kinachowanasa watu ni muziki. Picha ya 1922 ni huru lakini fidla iliyobandikwa juu yake mwaka 2006 ina mwenyewe. Ukitaka kuwaonesha vijana wa mtaa, kitambaa cheupe ukutani na projekta ya kuazima, zima sauti umuite mtu mwenye udi. Tena itakuwa bora zaidi.

Nimebakisha moja makusudi. Lotte Reiniger, mwanamke wa Kijerumani, alikaa miaka mitatu anakata watu kwenye karatasi ngumu nyeusi kwa mkasi, viungo vimefungwa kwa waya, anawalaza juu ya kioo chenye taa chini, kamera iko juu, anasogeza mkono kidogo, anapiga fremu, anasogeza tena. Mwaka 1926 akatoa The Adventures of Prince Achmed, ambayo ndo katuni ndefu ya zamani kuliko zote zilizobakia. Na hadithi ni ya Alfu Lela Ulela. Watu weusi ti kama vivuli, lakini kilemba unakiona kila mkunjo, na nakshi za madirisha utadhani amekaa Mkunazini akakopi. Ina makosa yake, mbaya wa hadithi ameitwa Mchawi wa Kiafrika na kachorwa kibaya hasa, hilo sitalifunika. Lakini rangi zake zimerudishwa, buluu, machungwa, kijani, na sikuona kitu kizuri kama kile muda mrefu.

Nilimuekea bibi mwaka huu, Ramadhani, baada ya tarawehi, na watoto wa dada wamejilaza mkekani. Vibao vya maandishi ni vya Kiingereza, nikawa nasoma natafsiri kwa kukwamakwama. Ilipofika mchawi anamleta farasi wake kwa mfalme bibi akaninyamazisha kwa mkono. "Huyu farasi wa mpingo. Nyamaza wewe, naijua hii." Akaichukua. Akawa anasimulia mbele ya picha, sauti ya mfalme hii, sauti ya mchawi kama mtu ana kokwa ya embe kooni, watoto wakaacha kulala. Mwana wa mfalme akapanda, farasi akaruka, mji ukabaki chini mdogo, nyota zikaanza, na yule kijana hajui kumshusha, anashika huku anashika kule. Bibi akainuka kwenye mto.

"Kipini cha pili, mwanangu! Kitafute, kipo!"